Bidoni ya katalizeri imevimba: tafuta sababu kabla ya kugusa

Mwezi wa kumi mwaka jana, saa nane mchana, kijana wangu wa karakana aliniita kutoka depo. "Yaya, kuja uone, bidoni iko na tumbo." Nikakuta bidoni ya katalizeri ya lita 5 imetuna mpaka lebo imechanika katikati, kitako kimekuwa duara, nayo inayumba juu ya rafu kama mlevi. Hakuna moshi, hakuna harufu mpya. Mkono wa kijana ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Alitaka kuifungua ipumue. Nikamwambia atoe mkono, atoke pole pole, nami nikamfuata.

Maelezo haya nawaandikia wenzangu wa Lubumbashi wanaoshika rezini kila siku, yaani kimiminika kizito kinachokaza kikawa plastiki ngumu: watengenezaji wa tangi za maji, wanaovalisha faiba (nyuzi za kioo) matangi ya asidi kwenye viwanda vya shaba na kobalti, na mafundi bodi wanaopaka mastiki kwenye magari. Nimeyapanga kwa dalili, maana dalili ndiyo inayotangulia kuonekana. Ila kwanza tuelewane kidogo juu ya kilichomo ndani ya bidoni.

Kilichomo ndani

"Katalizeri" ni jina letu la karakana. Mkemia atakubishia, kwa sababu katalisti ya kweli hutoka kazini kama ilivyoingia, na hii yetu huliwa. Jina lake ni peroksidi ogania. Ya maji, tunayotia kwenye rezini ya poliesta, ni peroksidi ya methili ethili ketoni, ambayo lebo huifupisha MEKP, imezimuliwa kiwandani ili itulie. Ile ya kwenye tyubu ndogo inayokuja na mastiki, mara nyingi nyekundu, ni peroksidi ya benzoili iliyokandwa na mafuta ya kulainishia plastiki. Bidhaa halisi ina kibandiko cha umbo la almasi: nusu ya juu nyekundu, nusu ya chini njano, alama ya mwali, na namba 5.2.

Peroksidi zote zina atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, na mshiko huo ni dhaifu. Kuuvunja kunahitaji nishati ya kilojuli 150 hivi kwa moli, wakati mshiko wa kaboni kwa kaboni hudai kama 350. Ukivunjika, vipande vyake ndivyo vinavyounganisha rezini ikawa ngumu. Udhaifu huo ndio tunaoununua.

Shida ni kwamba mshiko haungoji rezini. Hata ndani ya bidoni iliyofungwa, moja moja inavunjika, na kila inayovunjika inatoa joto kidogo. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuvunjika huongezeka mara mbili au mara tatu. Joto linalotokea ndani likiweza kutoka nje kupitia kuta za bidoni, siku inapita salama. Lisipoweza, linabaki, linavunja mengine, nayo yanaleta joto zaidi. Kuanzia hapo peroksidi haihitaji kiberiti. Inajipikia yenyewe.

Wanaotengeneza bidhaa hizi hupima halijoto ya chini kabisa ambayo kifurushi kizima kikikaa humo kwa wiki moja kitaanza kujichochea namna hiyo. Kwa MEKP nyingi za madukani ni kama nyuzi 60. Usione nyuzi 60 ziko mbali. Kipimo hicho ni cha bidhaa safi, katika kifurushi chake. Ikiingia uchafu kinashuka, na chombo kikiwa kikubwa zaidi kinashuka pia. Mama yeyote aliyepika bukari (ugali) ya matanga anajua: ya sahani inapoa ukinawa mikono, ya sufuria kubwa inakuunguza katikati saa nzima baadaye. Chombo kikikua mara mbili kila upande, kinabeba mara nane lakini ngozi ya kutolea joto imeongezeka mara nne tu. Ndiyo maana karatasi ya usalama ya bidhaa inataka ghala lisizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea bidhaa.

Bidoni imevimba lakini haina joto

Kuvimba ni gesi. Peroksidi inayovunjika pole pole hutoa gesi, na kifuniko cha kiwandani kina tundu dogo la kuipitisha. Kwa hiyo uliza kwanza: kifuniko ni kile kile kilichokuja nayo? Chetu hakikuwa. Cha asili kilikuwa kimepotea, na mtu akafunga na kifuniko cha bidoni ya mafuta ya kupikia, kilichoenea vizuri kabisa. Sababu nyingine ni tundu kuzibwa na vumbi lililogandamana, au bidoni kulazwa ubavu badala ya kusimama.

Kisha angalia paa. Depo yetu ilikuwa na bati tupu bila dari. Oktoba hapa hewa ya nje inapita nyuzi 30 kwa urahisi, na siku ile kipimajoto nilichotundika kwenye rafu ya juu kilionyesha 41. Rafu ya chini, karibu na sakafu ya saruji, ilikuwa 29. Katalizeri ilikaa juu "watoto wasifikie". Nia njema, mahali pabaya.

Usifungue bidoni iliyovimba. Kimiminika kilicho chini ya shinikizo kitakurukia usoni, na nitarudi kwenye habari ya macho mwishoni. Usiitoboe, usiitikise, usiibebe begani kuipeleka nje. Toa watu, fungua mlango hewa ipite, halafu pima joto lake kwa mbali ukiwa na kile kipimajoto cha kulenga ambacho mafundi wa injini wanacho. Linganisha na bidoni jirani. Yetu ilisoma 33, jirani yake 32. Baada ya nusu saa, vile vile. Hapo nilipumua. Tukaimwagia maji baridi kwa mpira kutoka nyuma ya ukuta, tukaendelea mpaka jioni, depo ikafungwa na mtu akawekwa kuzuia wapitaji. Asubuhi tumbo lilikuwa limeshuka. Aliyetuuzia alimtuma fundi wake mwenye ngao ya uso kuja kuishughulikia. Hatukuitumia tena.

Bidoni ina joto kuliko jirani zake

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kazi yake ni fupi. Bidoni iliyo moto kuliko kitu kingine chochote chumbani, bila jua kuipiga, tayari inajichochea. Ikianza kulia kama filimbi au kutoa moshi mweupe, huo si mvuke wa maji. Ni gesi zinazoweza kushika moto. Ondoka, ondoa na majirani, ita wazimamoto, waambie neno "peroksidi" kabla hawajaingia. Maji mengi kutoka mbali yanasaidia, ikiwa mpira uko tayari na una ukuta wa kujikinga. Kizimamoto cha unga kinaweza kuua mwali, lakini peroksidi ina oksijeni yake na joto lake, kwa hiyo huwaka tena. Mchanga juu yake hauizimi.

Wanaodhani ni mambo ya karakana maskini wasome yaliyotokea Crosby, Texas, mwaka 2017. Kiwanda cha Arkema kilihifadhi peroksidi zinazohitaji baridi kali. Mvua za kimbunga Harvey zikaleta mafuriko, umeme ukakatika, na jenereta za akiba nazo zikashindwa. Wafanyakazi walihamishia mzigo kwenye matrela tisa ya friji, na mafuriko yakazima hata friji za matrela. Hakuna aliyewasha kitu. Tarehe 31 Agosti trela la kwanza likashika moto lenyewe, kisha mawili mengine, na watu wa umbali wa kilometa 2.4 kuzunguka walikuwa wamehamishwa. Matrela yaliyosalia yakachomwa kwa makusudi. Bidhaa zetu hazihitaji friji, lakini mwenye karakana hapa anayetegemea kipooza hewa kuituliza depo yake anajua umeme wetu. Tegemea kivuli, ukuta mnene na dari.

Na kwa nini uwaonye wazimamoto? Tokyo, mwaka 1964, wazimamoto 19 walikufa katika moto wa ghala. Walikuwa wakipambana na nitroselulosi, ile ya kutengenezea rangi za kupuliza, moto ukaifikia MEKP iliyohifadhiwa humo humo, ikalipuka. Mafundi bodi, angalieni rafu zenu: rangi, tina na katalizeri vimekaa mguu kwa mguu.

Rangi imegeuka, au viputo vinapanda ndani

Hapa ndipo Lubumbashi inapotofautiana na miji mingine. Shaba, kobalti, chuma na manganizi, hata kwa kiasi kidogo sana, huvunja peroksidi bila kungoja joto. Ndiyo siri ya kichapuzi: ile chupa ya zambarau tunayotia kwenye rezini ni chumvi ya kobalti iliyoyeyushwa. Tone moja linafanya rezini ikaze katika joto la kawaida, mahali ambapo bila hilo tungelazimika kuipasha. Sisi tunaishi juu ya kobalti. Imo kwenye vumbi la magari ya madini yanayopita kwenda Kasumbalesa, imo kwenye viatu vya anayetoka kiwandani, imo kwenye mchanga ambao watu huchota kwenye mabaki ya machimbo na kuuza kwa wajenzi.

Kwa hiyo MEKP iliyokuwa nyeupe kama maji ikionekana kijani, kahawia au na uzi wa zambarau, au ukiona viputo vidogo vinapanda mfululizo kutoka chini, imechafuliwa. Ichukulie kama bidoni ya moto hata kama bado ni baridi: usifunge kwa nguvu, usihamishe, toka, pima kwa mbali.

Ilichafukaje? Nimeona njia nyingi, karibu zote za kujitakia. Kikombe kimoja cha kupimia kobalti na katalizeri. Faneli ya shaba. Bomba la njano la shaba lililofungwa kwenye bidoni ili "iwe rahisi kukinga". Msumari wa kukorogea. Na kubwa kuliko zote, mabaki ya kwenye kikombe kurudishwa kwenye bidoni kwa uchungu wa pesa. Gramu 20 unazookoa zinabeba vumbi la siku nzima kuingia kwenye lita 5. Mabaki hayarudi.

Vyombo viwe vya poliethilini safi, vya katalizeri peke yake. Mimi nimevipaka alama nyekundu, vya kobalti bluu. Na vitu hivyo viwili visikutane hata siku moja vikiwa vitupu. Kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa mpaka iishe kabisa, ndipo katalizeri inafuata. Ukizimiminia pamoja kwenye kikombe, hupati muda wa kujuta; inaweza kuwaka au kulipuka papo hapo. Nazihifadhi katika vyumba viwili, na ufunguo wa kobalti ninao mimi. Asetoni nayo ibaki ya kuoshea brashi: usizimue nayo katalizeri.

Ikimwagika sakafuni, usichukue udongo wa nje wala unga wa mbao. Udongo wetu mwekundu ni chuma, na unga wa mbao ni kuni. Mimi naweka ndoo ya mchanga wa mto uliooshwa, naulowesha maji, nafunika, nazoa kwa kibao cha plastiki, naweka kwenye chombo kisichozibwa sana nje ya jengo.

Rezini inafuka moshi kwenye ndoo

Hili ndilo mtakaloliona zaidi, nalo mara nyingi husababishwa na haraka. Rezini ikikaza hutoa joto lake pia. Ikitandazwa nyembamba kwenye faiba, joto linapotea. Ikibaki kilo 5 kwenye ndoo, linarundikana, linavuka nyuzi 150, rezini inapasuka, na mvuke wa stireni, kimiminika kilichomo ndani ya rezini, unapanda. Stireni hushika moto kwa cheche kuanzia kama nyuzi 31, kwa hiyo mchana wa Oktoba mvuke wake uko tayari hata kabla ndoo haijapata moto.

Sababu ya kwanza ni kipimo. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito: kilo moja ya rezini, gramu 10 hadi 20. "Kifuniko kimoja" si kipimo. Vifuniko vya chupa za aina mbili nilizonazo vimepishana zaidi ya mara mbili. Tumia mizani ndogo au bomba la sindano lisilo na sindano. Sababu ya pili ni kuchanganya nyingi kuliko mikono iliyopo inavyoweza kupaka. Ndoo ikianza kuwa ya moto, imwage haraka juu ya bati pana nje, itandae nyembamba, ikiwa bado inamiminika. Ikiwa imeshaganda, iache nje mbali na kila kitu, mwagia maji pembeni. Usiitupe kwenye pipa la takataka. Pipa letu la kwanza liliondoka hivyo.

Rezini haikazi

Juni na Julai usiku hapa unashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi rezini ni nzito kama asali. Fundi anatia asilimia 2, anangoja, haikazi, anatia tena, anatia tena. Saa tano jua linakolea, kila alichotia kinaamka kwa pamoja, na kazi inapasuka kama udongo wa kiangazi. Chini ya nyuzi 15 tatizo si katalizeri, ni baridi. Pasha rezini kwa kuilaza usiku ndani ya chumba chenye joto, na anza kazi saa nne.

Nimemkuta mtu ameweka chupa ya katalizeri kando ya mbabula (jiko la makaa), makaa yanawaka, "ichangamke kidogo." Ni mtu mzima, mwenye watoto. Sikuweza hata kumgombeza; nilisogeza mbabula, si chupa.

Kama joto lipo na bado haikazi, katalizeri inaweza kuwa imezeeka, imeingia maji, au ulinunua kadogo: chupa ya dawa ya kikohozi iliyojazwa sokoni, haina lebo, haina tarehe, kifuniko hakina tundu. Jaribu kwa gramu 100 za rezini kabla ya kuilaumu rezini. Na chupa hiyo usiipeleke nyumbani. MEKP inaonekana kama maji, na mtoto mwenye kiu hasomi.

Ukoko mweupe kwenye kifuniko, tyubu iliyokauka

Peroksidi ya benzoili ikiwa imekandwa na mafuta au maji ni tulivu. Ikikauka, msuguano tu au pigo vinaweza kuilipua. Tyubu ya mastiki iliyoachwa wazi mpaka ikawa unga mdomoni usiisugue, usiifungue kwa koleo, usichokonoe kwa bisibisi. Vile vile fuwele zilizojikusanya kwenye uzi wa kifuniko cha bidoni yoyote ya peroksidi: kitendo cha kuzungusha kifuniko ndicho msuguano wenyewe. Acha ilipo, piga simu kwa muuzaji.

Matambara yananuka, yana joto

Tambara lililofuta katalizeri likiviringishwa na lililofuta rezini lina kila kitu: mafuta, peroksidi, kobalti. Linaweza kuwaka usiku, mmeshafunga. Yatie kwenye ndoo ya maji kabla ya kuondoka, yakae humo mpaka yatolewe nje.

Imeingia jichoni

Hakuna dalili ya kuchunguza hapa. MEKP inaharibu jicho kwa sekunde, na maumivu huweza kuchelewa huku kazi ikiendelea ndani. Maji papo hapo, kope zimeshikwa wazi, dakika 15 au zaidi bila kukatiza, ndipo hospitali, na karatasi ya usalama mkononi. Usitafute dawa, usitafute patroni, usingoje gari. Miwani ya kuziba pande zote ivaliwe kabla kifuniko hakijafunguliwa, hata kama ni tone moja.

Kwa kuwa bomba letu halitoi maji kila siku, kando ya meza ya kuchanganyia pamesimama bidoni mbili za lita 20 zenye koki, zimejaa maji safi. Kila asubuhi mdogo kuliko wote anazifungua, anaona maji yanatoka, anafunga. Atakayeyatumia kunawa mikono analipia maji mengine kabla ya chakula cha mchana.